Nyasi Pamoja na Mfuko Wake

Ofisi ya Nyanda za Malisho inapenda kuutangazia umma kwamba nyasi za Bonde la Chini zinatosha kulisha ng'ombe wote walioandikishwa, kuanzia siku lango litakapofunguliwa mpaka mvua za kwanza zitakaponyesha. Kwamba Uwanda wa Juu umefungwa ili ardhi yake ipumzike. Na kwamba uamuzi huu haukufikiwa kwa kukisia, kunusa upepo wala kutazama mawingu, bali kwa modeli ya hesabu. Wafugaji wanaombwa wawe na amani.

Sentensi ya amani ilitungwa na Mkuu wa Ofisi, ambaye hakuwa na ng'ombe hata wa kuchora. Modeli ilitungwa na mtumishi mmoja mwembamba wa makamo, mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi pembeni, ambaye kazini aliitwa Mtaalamu na kwao aliitwa Profesa wa Majani. Jina la kwanza alipewa kwa barua. La pili alipewa na shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, siku alipowaambia kwamba ameajiriwa kupima nyasi.

"Kupima nyasi?" shemeji aliuliza. "Kwani zina homa?"

Utani huo ulidumu miaka bila kuchakaa. Kila Profesa alipokwenda kuwatembelea, shemeji alimlaki uani kwa sauti ya kuwafikia majirani: "Karibu Profesa! Wagonjwa wameamkaje?" Na Profesa, badala ya kucheka yakaisha, alieleza. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake mwenyewe. Alieleza udongo, alieleza mizizi, alieleza kwa nini swali halikuulizwa vizuri. Tangu utoto alikuwa hivyo. Ukimkuta amesimama juu ya vigae vya chungu, hakusema amekivunja. Alisema chungu kilikuwa na ufa wa siku nyingi, sakafu ina mteremko, na paka naye alipita. Mama yao alimchapa kwa ajili ya chungu, kisha akamwongeza kwa ajili ya maelezo. Dada, aliyembeba mgongoni kabla hajajua kutembea, alikuwa akisema kwamba huyu mdogo wake hata siku ya kufa atakufa ana sababu nzuri.

Kazi yake, kwa asiyeijua, ni hii. Unakwenda porini na fremu ya chuma, mraba wenye nusu mita kila upande. Unaiweka pale ramani ilipokuelekeza, si pale panapokuvutia, hata kama ramani imekuelekeza kwenye miiba. Kilichoangukia ndani ya fremu unakikata kwa mkasi mpaka chini, unakitia kwenye mfuko wa karatasi, unaandika namba, unasogea mbele. Mifuko inarudi ofisini, inaingia kwenye oveni, inakaa humo mpaka nyasi zitoe maji yote na uzito ugome kushuka. Ndipo unapima nyasi pamoja na mfuko wake, unatoa uzito wa mfuko, unabaki na nyasi. Kule kutoa hakukuwa tena kazi ya binadamu. Kompyuta ilitoa yenyewe, kwa namba ambayo Profesa aliiingiza mwaka alioanza kazi, alipokuwa bado na nywele.

Chumba cha kupimia kilikuwa zamani jiko la wafanyakazi, enzi ambazo ofisi iliamini kwamba wafanyakazi hunywa chai. Karo lilibaki, bomba likaondoka. Oveni ilisimama kwenye kona kama kabati la nguo lililopatwa na hasira, ikinguruma kutwa, na mizani ndogo ilikaa ndani ya kisanduku cha kioo ili hata pumzi ya mpimaji isiisumbue. Mle ndani mlinuka zizi lililopigwa pasi. Profesa alipapenda. Mtu akifungua mlango kwa nguvu, namba za mizani ziliruka, naye alimtazama mtu huyo kama imamu anavyomtazama aliyeingia msikitini na viatu.

Modeli yenyewe haikuwa na makuu. Uliipa mvua ya msimu, aina ya udongo, mteremko wa ardhi, na ukijani wa mahali kama setilaiti ilivyouona kutoka juu. Nayo ilikurudishia kilo za nyasi kavu kwa kila hekta, na ukitaka, idadi ya ng'ombe watakaoshiba na kwa muda gani. Lakini modeli ni kama mtoto wa shule, haijui kitu mpaka ifundishwe, na mwalimu wake ni ile mifuko. Kila msimu Profesa aliionyesha: hapa wewe umesema hivi, mizani imesema vile, jirekebishe. Nayo ilijirekebisha bila kununa. Alikuwa na watoto watatu nyumbani na hakuna aliyemfanyia hivyo.

Tatizo lake la miaka yote lilikuwa mifuko kupasuka. Ilikuwa ya kaki nyembamba, ukiijaza nyasi zenye vijiti inatoboka, na sampuli ya hekta nzima inamwagika kwenye sakafu ya gari na kuchanganyika na makombo ya mkate wa dereva. Aliandika kulalamika. Akaandika tena. Akaandika kwa lugha ya upole, kisha kwa lugha ya mkataba, kisha kwa lugha ambayo mkewe alimshauri asiitume, akaituma. Mwaka huu, bila maelezo wala samahani, mifuko mipya ikaletwa: kaki nene ya tabaka mbili, kitako kimekunjwa na kugandishwa, mdomo una mkunjo wa kufungia. Profesa aliipapasa kama bwana harusi anavyopapasa kitambaa cha suti. Aliivuta, haikuchanika. Aliijaza vijiti, haikutoboka. Aliwaita wenzake waione. Jambo pekee ambalo hakuifanyia mifuko ile ni kuipima.

Msimu huo mvua zilikuwa chache. Mtu yeyote mwenye kiatu chenye tundu angeweza kukuambia. Lakini mizani ilisema nyasi zipo, tena nyingi kuliko mwaka uliopita. Profesa alishangaa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Baada ya hapo akapata maelezo: mvua zilikuwa chache, ndiyo, ila zilinyesha kwa mgawanyo mzuri, ardhi ikapata nafasi ya kunywa taratibu badala ya kumwagiwa. Aliandika aya nzima. Ilikuwa aya safi, na jambo la kusikitisha ni kwamba, mahali pengine na mwaka mwingine, ingeweza kuwa kweli. Mkuu wa Ofisi aliisoma mara mbili na kuipigia mstari. Ndani ya mwezi ule tangazo likatoka, na redioni wakaongeza maneno "kwa mujibu wa Mtaalamu wetu".

Sasa kwao walikuwa na sababu ya kumsikiliza. Kiangazi cha miaka miwili iliyopita, Profesa aliwaambia Bonde la Chini halitafika mbali. Shemeji akasema nyasi hazisomi vitabu, akapeleka ng'ombe, na bonde likaisha kama Profesa alivyosema. Tangu hapo dada alikuwa akipeleka ng'ombe wao kwa mwenye shamba mmoja ng'ambo ya vilima, mtu mgumu aliyekuwa na nafasi chache na aliyezitoa kwa neno la mdomo kwa wale tu waliomwahi mapema. Mwaka huu dada aliposikia redio, alituma salamu kwamba nafasi yake wapewe wengine, mdogo wake amepima na nyasi zipo nyumbani. Nafasi ikachukuliwa kabla salamu hazijapoa.

Na shemeji? Shemeji ndiye aliyekuwa mbele ya wote. Alipita nyumba kwa nyumba. "Hizo nyasi zimepimwa na damu yetu," aliwaambia majirani. "Gramu kwa gramu." Hakuna anayeamini kwa kelele kama aliyechelewa kuamini. Majirani wakafungua mazizi wakamfuata.

*

Ng'ombe walikuwa wameshaingia bondeni, asubuhi moja ya kawaida, Profesa alipoona mizani inasitasita. Akaifungua, akafuta vumbi, akaifunga. Ili kuijaribu alihitaji kitu anachokijua uzito wake, na kwa uvivu tu alichukua kilichokuwa karibu: mfuko mtupu kutoka kwenye oveni. Uzito wa mfuko aliujua kama tarehe yake ya kuzaliwa. Gramu kumi.

Mizani ikasema kumi na tisa.

Alieleza mara moja: mizani bado mbovu. Akaweka lile jiwe la shaba la kupimia, mizani ikalisoma sawasawa. Akaeleza tena: mfuko umevuta unyevu. Akaurudisha kwenye oveni, akasubiri, akaupima ungali moto. Kumi na tisa. Labda mfuko huu una kasoro. Akachukua mwingine. Akachukua mwingine. Alipofika kwenye mfuko ambao hakuuhesabu tena, alivuta kiti cha jikoni akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe maelezo yakamwishia.

Hesabu yake haikuhitaji kompyuta, na ndiyo iliyomuuma. Fremu ni robo ya mita ya mraba. Hekta ina mita za mraba elfu kumi. Kwa hiyo gramu moja iliyozidi mezani, ukiitandaza porini, inakuwa kilo arobaini kwa kila hekta. Gramu tisa zinakuwa mia tatu na sitini. Bonde la Chini lilikuwa limetangazwa kuwa na kilo mia nane na kidogo kwa hekta. Karibu nusu ya malisho ya taifa zima la ng'ombe ilikuwa karatasi ngumu ya tabaka mbili, yenye kitako cha kukunjwa, kama alivyoiomba mwenyewe kwa maandishi.

Alibadilisha namba. Modeli ikafundishwa upya, ikajirekebisha bila kununa, ikatoa jibu jipya kwa utulivu uleule iliotolea la zamani: nyasi zilizopo zitawafikisha ng'ombe katikati ya kiangazi, zaidi kidogo wakijikaza. Baada ya hapo bonde litabaki sakafu.

Mkuu wa Ofisi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye meza kubwa.

"Mfuko," alisema.

"Mfuko, Mkuu."

"Unataka niende kwa umma niseme ofisi hii ilipima karatasi ikadhani ni nyasi."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Ndivyo ilivyokuwa chumbani kwako, ndugu yangu. Huku nje tangazo limetoka. Neno la redioni ni mate, ukishayatema huyarambi."

"Ng'ombe watakufa, Mkuu."

Mkuu alivua saa akaiweka mezani, ishara kwamba sasa anaongea kama baba. "Haya, nifute tangazo. Niwaambie watoke. Waende wapi? Uwanda wa Juu nimepanda mbegu, uzio mpya, wageni wanakuja kuzitazama zikiwa na urefu wa kidole. Nikiwaingiza ng'ombe mle, nitawaonyesha wageni kinyesi. Wewe mwenye hesabu, nipe mahali. Nipe mahali na nitafuta tangazo sasa hivi."

Profesa hakuwa na mahali. Modeli haikuulizwa hilo.

"Umeona," Mkuu alisema, bila furaha. "Niandikie maelezo ya ziada. Tutayaambatisha kwenye ripoti ya msimu."

"Ripoti ya msimu inatoka baada ya mvua."

"Basi yatakuwa yamekamilika. Na usiende kuropoka huko. Wewe ni mtumishi."

Mchana alirudi nyumbani. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa sebuleni na pini mdomoni, akikunja upindo wa gauni la mteja. Aliisikiliza habari yote bila kusimamisha mguu kwenye pedali. Kisha akatoa pini.

"Chakula kipo mezani, najua huli," alisema. "Mchuma janga hula na wa kwao. Wewe hili lako umewapakulia wao kwanza. Nenda kamwambie dada yako."

"Nitamweleza vizuri. Kuna ule uhusiano wa fremu na hekta, inabidi aelewe kwanza kwamba modeli yenyewe haina kosa, ila—"

"Baba watoto." Alirudisha pini moja mdomoni, akaitoa tena. "Usimweleze. Mwambie."

*

Alikwenda kwa pikipiki ya kuazima, akipumua vumbi, miwani ikimcheza puani. Kwenye lango mlinzi alimpigia saluti, kwa kuwa jina lake lilikuwa limetoka redioni. Bonde lilimlaki kwa utulivu uliomchoma. Ukilitazama, halikuwa na shida. Nyasi zilisimama, za manjano, zikiinama na kuinuka na upepo, na ng'ombe walikuwa wamezama humo mpaka magotini. Nyasi chache zilizosimama wima hudanganya jicho. Profesa alikuwa amelifundisha hilo kwenye semina.

Dada alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na hodhi la maji, kitambaa kichwani, fimbo mapajani. Shemeji alisimama nyuma yake na wafugaji wengine, wote kwenye kivuli cha tangi.

"Profesa!" shemeji alipaaza sauti. "Umekuja kuwaona wagonjwa wako? Wanaendelea vizuri, wanakula wenyewe!"

Watu wakacheka. Profesa alitelemka kwenye pikipiki, akamwamkia dada yake, akaitikiwa. Akafungua mdomo na fremu ikamjia, na hekta, na mgawanyo wa mvua, vyote vikipanga foleni nyuma ya meno. Akavimeza.

"Dada," alisema, "nimekosea."

Shemeji alicheka kwanza, kwa mazoea. Alipoona hakuna maelezo yanayofuata, kicheko kikamwishia njiani. "Umekosea nini? Njia?"

"Nyasi. Nimepima na mfuko. Mifuko ilikuwa mizito kuliko nilivyojua. Hazitafika mvua. Hazitafika hata karibu."

Mzee mmoja mwenye kofia ya pama ndiye aliyeuliza kwanza. "Mfuko gani?"

"Wa karatasi."

"Kwa hiyo tumekuja kulisha karatasi?"

"Karibu nusu yake, mzee wangu."

Hapo sauti zikapanda zote pamoja. Juzi njooni, leo tokeni, kesho mtatuambia tupae. Mwaka ule tulikataa kusikia mkatucheka; sasa tumesikia, mnatufukuza. Mwenye kofia ya pama alitaka kujua kama mfuko huo una cheo, maana umemshinda Mtaalamu. Lakini sauti iliyomkata Profesa maini ilikuwa ya shemeji, naye aliongea polepole, bila utani.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nimekatazwa kuja."

"Watu hawasahau kupima mfuko, shemeji. Hata muuza karanga hasahau. Kuna mkubwa ana ng'ombe, kaliona bonde limesimama vizuri, kasema watoeni hawa. Ndiyo maana. Sema tu ni nani, tumjue."

Kumbe ukweli una bahati mbaya hiyo: ukija umechelewa, unakuja umevaa nguo za uongo. Profesa aliangalia huku na huku. Alikuwa na hesabu zote mfukoni, zimekunjwa vizuri, na hakuna hata moja ambayo isingezidi kufanana na njama. Alitaka kueleza kwamba hakuna mkubwa, na akaona kwamba hivyo ndivyo hasa angesema aliyetumwa na mkubwa.

Dada alimtazama mdogo wake kuanzia viatu, akapanda taratibu, kama anayetafuta mahali alipoumia.

"Rudia," alisema.

"Nini?"

"Ulivyosema mwanzo."

"Nimekosea, dada."

Dada alijiinua kwenye ndoo, mkono mmoja kiunoni. Aliwageukia wale waliokuwa kivulini. "Huyu nimemlea mimi," alisema. "Kavunja vyungu vya mama sijui vingapi, hakukiri hata kimoja. Kachapwa mpaka fimbo ikaomba msamaha, yeye anaeleza habari za paka. Miaka yote hii sijawahi kulisikia neno hilo mdomoni mwake. Mkubwa gani anaweza kumlipa mtu huyu alitamke?" Akamgeukia mumewe. "Kusanya ng'ombe."

"Tuwapeleke wapi?" shemeji alisema. "Nafasi kwa yule bwana umeiachia mwenyewe."

Dada akamtazama Profesa. Alikuwa anauliza kweli.

"Sijui," Profesa alisema. Lilikuwa neno la pili jipya siku hiyo, na lilitoka kwa tabu kuliko la kwanza.

Palikuwapo mahali pamoja tu, na wote watatu walipajua kabla ya kupataja: kwa binamu yake shemeji, mbali, mwendo wa siku nyingi kwa ng'ombe waliokwisha kukonda. Binamu alikuwa na kisima na majani ya kando ya mto. Alikuwa pia hajasemezana na shemeji tangu walipogombania ukuta wa nyumba ya marehemu babu yao, na kwenye ugomvi huo shemeji alimwita mwizi mbele ya wakwe.

"Yaani nikamwangukie yule?" shemeji alisema. "Mimi?"

"Ulijitapa nyumba kwa nyumba bila kuombwa," dada alisema. "Kuomba radhi nyumba moja ndiyo utavunjika mgongo?"

Shemeji akatembea kuwaelekea ng'ombe bila kumtazama Profesa, na alipompita hakusema neno, wala la kumtania.

Profesa alibaki pale kwenye hodhi mpaka jua lilipolegea, akimwambia kila aliyekuja kunywesha. Hakueleza, aliambia. Wachache walifunga mizigo siku ile ile. Haikuwa kwa sababu ya modeli. Walipomwona dada wa Mtaalamu anaondoka, waliamini ameonyeshwa malisho ya siri, wakaamua kumfuata kwa mbali wayajue. Waliobaki ndio wengi. Hawakuwa wajinga. Walimuuliza swali lilelile la Mkuu, waende wapi, na wakapewa jibu lilelile la Profesa.

*

Barua ilimkuta Jumatatu. Ilimshukuru kwa utumishi wake na kumhamishia stoo ya mbegu, kwa ajili ya kupanua uzoefu. Stoo ilikuwa safi, haina oveni, na mizani yake ilikuwa ile ya kuning'inia, ya gunia kwa gunia, ambayo gramu tisa haizioni hata kwa miwani. Chumba cha kupimia kilipewa kijana mwenye vyeti vizuri. Alikuta namba ya mfuko imeshasahihishwa na akadhani ilikuwa hivyo siku zote.

Habari za dada zilikuja kwa vipande, kwa watu waliopita njia ile. Wamefika. Binamu aliwaacha langoni asubuhi nzima, kisha akafungua. Shemeji aliomba radhi mbele ya watoto wa binamu, kama alivyotakiwa. Si ng'ombe wote waliofika. Wale wa mwisho mwisho, majike makubwa yenye mimba na ndama wa mwaka ule, walilala njiani mmoja baada ya mwingine, na dada alikuwa akisimama kila mara, akimshika pembe, akimsemesha, kisha akiendelea. Waliobaki hai walikuwa zaidi ya nusu. Kila aliyeleta habari alimwambia Profesa hilo kama pongezi.

Dada mwenyewe hakumlaumu. Alimtumia salamu: mwambie ale, najua hali kitu. Shemeji alikuja mjini mara moja kutafuta dawa ya mifugo, akapitia nyumbani kwao, akanywa maji, akauliza afya za watoto. Aliaga kwa heshima kubwa. Alimwita "shemeji" kuanzia mlangoni mpaka mlangoni, na Profesa, aliyechukia jina lile la majani kwa miaka yote, alisimama barazani kwa muda baada ya mgeni kuondoka, kama mtu anayesubiri abiria wa mwisho ashuke kwenye basi.

"Hakukutania," mkewe alisema.

"Amechoka na safari."

"Unaeleza tena," mkewe alisema, akarudi kwenye cherehani.

Ripoti ya msimu ilitoka kwa wakati, yenye jalada la rangi na picha ya mbegu za Uwanda wa Juu zikiwa zimeota. Maelezo ya ziada hayakuambatishwa, kwa sababu ya nafasi. Sehemu ya Bonde la Chini ilikuwa fupi. Ilisema modeli ya hesabu ilitimiza matarajio, na kwamba siku mvua za kwanza ziliponyesha ofisi haikupokea lalamiko hata moja la uhaba wa nyasi kutoka ndani ya bonde.

Siku hiyo ndani ya bonde alikuwamo mlinzi wa lango peke yake. Ng'ombe wa mwisho walikuwa wametolewa wiki iliyotangulia, kwa lori, wakiwa wamelazwa.